Je, wajua kwa nini jiwe moja la figo huvunjwa bila kisu na jingine hutolewa kupitia tundu mgongoni?

Wagonjwa wawili wenye maumivu yaleyale ya ubavuni wanaweza kuambiwa kuwa wana mawe kwenye figo, kisha mmoja akatibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo ilhali mwingine akalazwa. Kinachoamua zaidi ni jiwe lenyewe: ukubwa wake, ugumu wake na mahali lilipokaa. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe pamoja na mkojo.

Njia mojawapo isiyochana mwili ni ya mawimbi ya mshtuko, ambayo ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980, mgonjwa akiwa amezamishwa katika beseni kubwa la maji. Maji yalihitajika kwa sababu mwili wenyewe una maji mengi, hivyo mawimbi huingia mwilini bila kupoteza nguvu kwenye ngozi, yakaenda kukutana penye jiwe na kulipasua. Siku hizi mfuko mdogo wenye maji unaobanwa ubavuni unatosha. Hata hivyo, mashine huvunja tu; kutoa vipande ni kazi ya mkojo, na ndiyo maana jiwe lililo chini kabisa ya figo husumbua, kwani vipande vyake hulazimika kupanda kwanza ndipo vishuke. Mawe ya sistini (kijenzi kimojawapo cha protini), ambayo ni magumu, huyastahimili mawimbi hayo, na mjamzito hafanyiwi tiba hii.

Pale mawimbi yasipofaa, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo hadi kwenye jiwe, akalisaga kwa leza bila kuchana popote. Baada ya hapo mara nyingi huachwa stenti, yaani mpira mwembamba unaoweka njia wazi kati ya figo na kibofu. Ni muhimu sana mgonjwa aijue tarehe ya kuiondoa, kwa kuwa stenti iliyosahaulika huota mawe juu yake na kuitoa huwa kazi ngumu.

Jiwe linalozidi milimita 20, au lililojaza figo kwa matawi, hutolewa kupitia tundu la takriban sentimita 1 mgongoni, njia iliyoelezwa na madaktari wa Sweden mwaka 1976. Upasuaji wa kufungua ubavu umebaki kwa wagonjwa wachache.

Uchaguzi huu wote huahirishwa mgonjwa akiwa na homa huku jiwe limeziba mkojo. Usaha uliofungiwa ndani ya figo unaweza kusambaza maambukizi kwenye damu na kuua kwa muda mfupi, kwa hiyo daktari huweka stenti au mrija wa mgongoni ili mkojo na usaha vitoke kwanza kwenye figo, akaanzisha antibiotiki, na jiwe likashughulikiwa baada ya maambukizi kutulia.