Nesi, damu yangu inaenda wapi? Habari ya kijiti na kizazi chako

Juzi kaja mdada, hata kukaa hajakaa, kavuta mkono wa blauzi juu kanionyesha kijiti chake cha uzazi wa mpango kinavyochezacheza chini ya ngozi kama njiti ya kibiriti. "Nesi nitolee, miezi minne sijaona siku zangu, mama mkwe anasema damu inajaa tumboni itaniletea uvimbe."

Jamani, tumboni hakuna tenki la damu. Kila mwezi ovari zinatoa homoni ya estrojeni inayojenga ukuta laini ndani ya kizazi kusubiri mimba, mimba isipoingia ule ukuta unabomoka na ndo hiyo hedhi yako. Sasa kijiti kinaachia homoni ya projestini kidogo kidogo kila siku, ubongo ukishaiona hautoi tena ile amri ya kupasua kifuko cha yai, yai halitoki, na ukuta unabaki mwembamba sana. Kama hakijajengwa kitu, unataka kibomoke nini?

Halafu kuna ute. Siku za hatari ute wa mlango wa kizazi unavutika kama ute wa yai bichi, mbegu zinapita kwa raha zao, ila ukiwa na kijiti unakuwa mzito mbegu zinanasa hapohapo.

Ila mama mkwe tusimcheke sana, maana ovari hazilali kabisa, vifuko vya mayai vinaendelea kukua kiasi na mara nyingine kimoja kinajaa maji kinakuwa kauvimbe. Vingi vinaisha vyenyewe. Sio damu iliyokwama lakini!

Wanaokatika hedhi kabisa ni kama mmoja kati ya watano, na hao kwa kweli ndo wenye nafuu. Kesi ngumu ni matone, leo kidogo, kesho kidogo, wiki mbili pedi haitoki, kwa sababu ule ukuta mwembamba una vimishipa dhaifu vinavyopasuka ovyo. Mtu akija kutoa kwa ajili hiyo simshangai, pedi ni hela na ndani ya nyumba kunakuwa na maneno. Ila kabla ya kutoa njoo tukupime mimba na maambukizi, kuna ibuprofen ya siku tano au vidonge vya uzazi wa mpango vya muda mfupi, wengi damu inatulia japo inaweza kurudi.

Na tafadhali sema unakunywa dawa gani. Rifampicin ya TB, carbamazepine ya kifafa na efavirenz ya VVU zinafanya ini lichome ile homoni haraka, unaweza kubeba mimba kijiti kikiwa mkononi.

Ukitoa, homoni inaisha kwenye damu ndani ya wiki moja hivi, sio kama sindano ya uzazi wa mpango inayoweza kukuchelewesha miezi kadhaa. Kuna mmoja alitoa akajua ana muda wa kupumzika kwanza, nikaja kumwona kwenye foleni ya wajawazito.

Yule mdada nilimpima, mimba hakuna. Tukaongea weee, mwisho akashusha mkono wa blauzi akasema atakaa nacho kwanza. Kafika mlangoni kageuka, "Sasa mama mkwe nimwambieje?" Nikamwambia mlete Jumatatu, aje na hilo swali lake.