Eneokazi la Pili Halifichi Kitu: Dhana Potofu Kuhusu Madirisha ya Kompyuta

Dhana: Ukiongeza maeneokazi, kompyuta inakuwa nzito.

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Mtu anadhani akifungua eneokazi la pili (virtual desktop, yaani uwanja mwingine wa madirisha kwenye skrini ileile) amewasha kompyuta nyingine ndani ya ile ya kwanza. Sivyo. Eneokazi ni namna ya kuyagawa madirisha tu: haya yaonekane sasa, yale yasubiri. Kinachokula kumbukumbu ni programu zilizo wazi, popote zilipo. Vichupo 40 vya kivinjari ni mzigo uleule, viwe mbele ya macho yako au umevitupa eneokazi la tatu.

Kuliteremsha dirisha chini nako si kuifunga programu. Kwenye Mac, hata ukibofya kile kitufe chekundu, mara nyingi linaloondoka ni dirisha. Programu yenyewe bado ipo hadi ubonyeze Command+Q.

Dhana: Ukifunga eneokazi, vilivyomo vinafungwa pia.

Jaribu kwenye Windows. Bonyeza Windows+Ctrl+D upate eneokazi jipya, cheza muziki humo, kisha lifunge kwa Windows+Ctrl+F4. Muziki hauzimiki, dirisha lake limehamia kwa jirani. Na ni afadhali hivyo, maana hata ile hati ambayo hukuihifadhi imehama nayo.

Dhana: Eneokazi la pili ni mahali pa faragha.

Hapa nasema kwa uchungu. Nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni, nimeshirikisha skrini nzima, nikataka kuchungulia kitu upande wa pili. Vidole vikabonyeza vyenyewe kwa mazoea. Kufumba na kufumbua, kikao kizima kinasoma barua yangu ya kuomba kazi kwingine.

Ukishirikisha skrini nzima, umeshirikisha kila kinachopita juu yake. Shirikisha dirisha moja. Na mtu yeyote akikalia kiti chako, Windows+Tab inamwonyesha maeneokazi yote kwa mpigo. Kama unataka siri, fungua akaunti tofauti yenye nywila.

Dhana: Kila programu ipewe eneokazi lake.

Kwa macho inapendeza: kivinjari hapa, jedwali pale, hati kule. Lakini keti uandike ripoti. Tarakimu ziko kwenye jedwali, maelezo yako kwenye kivinjari, nawe unaandika kwenye hati. Kila sentensi ni safari. Tena Windows isipobadilishwa mipangilio, Alt+Tab inaonyesha madirisha ya eneokazi ulilopo peke yake, kwa hiyo umejinyima njia ya mkato iliyo rahisi kuliko zote.

Gawa kwa kazi, si kwa programu. Vyote vya ripoti vikae pamoja, hata kivinjari kikibidi kufunguliwa madirisha mawili, moja la ripoti na jingine la mambo mengine. Barua pepe na soga zipeleke mbali, uzifuate unapotaka wewe. Maeneokazi mawili au matatu yananitosha. Yakifika sita naanza kupotea.

Dhana: Haya ni mambo mapya.

Xerox walikuwa na mfumo wa namna hii, Rooms, tangu 1986. Apple wakaleta Spaces mwaka 2007, na Windows yenyewe ikangoja hadi toleo la 10, mwaka 2015. Hata kupanga madirisha ubavu kwa ubavu, ambako wengi hudhani ni mbwembwe za watu wa Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta), ndiko Windows ya kwanza ya 1985 ilikoanzia: madirisha ya programu hayakuweza kupandana. Ruhusa hiyo ilikuja 1987. Leo kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au kulia kinatosha kulibandika dirisha nusu ya skrini.

Dhana: Ukipanga mara moja, umemaliza.

Ukizima na kuwasha upya, Windows inakumbuka maeneokazi yako na majina uliyoyapa. Madirisha yaliyokuwamo, kwa kawaida, hayarudi mahali pake. Yangu nayapanga upya kila asubuhi, dakika mbili hivi.