Nyumba moja, kompyuta mbili, na hazionani

Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na Wi-Fi haipatani nazo. Ruta ikiwekwa karibu na daka, ghorofani mtandao unakatakata. Basi mwenye nyumba ya wageni hununua ruta ya pili, akavuta waya kupitia ngazini, akachomeka, na intaneti ikapatikana juu na chini. Kisha mapokezi wanataka faili ya mhasibu aliye juu, na kompyuta yake haionekani kabisa. Lalamiko hili kitengo chetu cha TEHAMA hulipokea sana, na mara nyingi mwenyewe keshashauriwa anunue kompyuta mpya.

Kwenye kila kompyuta fungua Command Prompt, uandike ipconfig. Tuseme ya chini inasoma 192.168.1.20 na ya juu 192.168.0.15, zote zikiwa na maski (namba inayoonyesha mpaka wa mtandao) 255.255.255.0. Kwa maski hiyo, namba tatu za mwanzo ndizo zinazotambulisha sabneti, yaani kipande cha mtandao, na hapa ya tatu haifanani: moja na sufuri. Hizo ni sabneti mbili. Kompyuta inapotafuta wenzake kwa majina, hupaza sauti kwenye sabneti yake tu. Anayeita Mkomani hasikiki Shela. Ruta haiupitishi mwito huo.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Wa juu huweza kuifikia printa ya chini akiandika anwani yake, lakini wa chini hawezi kumfikia wa juu. Sababu ni NAT, ubadilishaji wa anwani unaofanywa na ruta: ruta ya pili huficha kila kilicho nyuma yake, ikaruhusu safari zinazoanzia ndani peke yake.

Kama hukuwa na haja ya kuwatenga, dawa ni kuifanya ruta ya pili iache kuwa ruta. Chomoa kwanza waya wa WAN (tundu la kupokelea intaneti), kwa sababu ruta nyingi hukataa anwani ya ndani iliyo sabneti moja na ya WAN. Ingia kwenye mipangilio yake, uipe anwani isiyotumika na yeyote, mfano 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo, uzime DHCP ili ugawaji wa anwani ubaki kwa ruta ya chini. Sasa chomeka ule waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN tena. Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo la Access Point linalofanya yote hayo kwa mbofyo mmoja. Litafute kabla hujahangaika.

Wapo wanaokimbilia kubadilisha maski iwe 255.255.254.0. Haiondoi NAT iliyo katikati. Hata pasipo ruta ya pili, maski hiyo huunganisha 192.168.0 na 192.168.1, lakini 192.168.1 na 192.168.2 huziacha mbalimbali.

Ofisi inayotaka kweli sabneti mbili izime NAT kwenye ruta ya ndani, kisha ruta ya kwanza iandikiwe njia ya kufika 192.168.0.0 kupitia anwani ya WAN ya ile ya pili. Bila njia hiyo, majibu hayarudi. Faili uzifungue kwa namba, \\192.168.0.15, si kwa jina. Zikigoma bado, angalia faiawoli (kinga inayozuia miunganisho) ya Windows: kwa kawaida, kwenye mtandao wa Private, File and Printer Sharing hukubali sabneti ya nyumbani tu. Ongeza sabneti ya pili kwenye Scope, orodha ya anwani zinazoruhusiwa. Usiizime faiawoli yote, hata fundi akikuambia ni ya dakika moja.

Wageni wasiunganishwe na lolote kati ya haya. Kompyuta ya mapokezi ina nakala za pasipoti zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Washa Guest Network kwenye ruta, uipe nenosiri lake, kisha ujaribu mwenyewe kwa simu: printa ya ofisi ikionekana, bado hujamaliza.