Mwisho wa Kushtukiza Hauthibitishi Kitu

Jamani, nimeletewa tena insha ya mwanafunzi inayolinganisha hadithi fupi mbili. “Hadithi hizi mbili zinafanana kwa fani, yaani kwa namna zilivyoandikwa, kwa sababu zote zimetumia mwisho wa kushtukiza.” Nukta. Kisha jedwali la mbinu za lugha: tashbihi tatu huku, tano kule, takriri, tashihisi, kazi imekwisha. Huko ni kuhesabu mali ya marehemu.

Hadithi zenyewe ni “Mkufu” ya Mfaransa Guy de Maupassant (1884) na ile ya Mmarekani Kate Chopin ya mwaka 1894 kuhusu saa moja katika maisha ya Louise Mallard. Kuziweka pamoja kuna maana, maana Chopin alimsoma Maupassant na kutafsiri hadithi zake kadhaa. Tatizo linaanza baada ya hapo.

Kwa Maupassant, Mathilde anaazima mkufu wa rafiki yake, anaupoteza, na yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000. Wanalipa madeni kwa miaka 10. Ndipo anaambiwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa bandia, thamani yake haizidi faranga 500. Msomaji amefichwa habari sawasawa na Mathilde, na mshtuko unarudi nyuma: miaka 10 tuliyokwisha kuisoma inabidi tuisome upya. Wala msimulizi hakutudanganya. Sonara ambaye jina lake limo ndani ya kasha la mkufu alisema mkufu hakuuuza yeye, alitoa kasha tu. Rafiki naye, akirudishiwa mkufu, hata kasha halifungui. Yote yamo, na tunayapita.

Chopin anafanya kinyume. Louise anaarifiwa kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni, anajifungia chumbani, na huko tunamsikia akinong'ona kwamba yuko huru. Mume anaingia mlangoni akiwa mzima. Hakuwa hata karibu na ajali. Louise anakufa. Madaktari wanasema furaha ndiyo iliyomuua. Mume kurudi kunatushtua, sikatai. Lakini sentensi ya madaktari, ambayo ndiyo ya mwisho, haishtui hata kidogo: ni kinaya, yaani maneno yaliyo kinyume cha ukweli tunaoujua, na kinaya hicho kinafanya kazi kwa sababu sisi tunajua lile ambalo hakuna mhusika aliyebaki hai anayelijua. Maupassant anamnyima msomaji habari, Chopin anamzidishia. Sasa niambie zinafanana wapi.

Muda, kwa kifupi: mmoja anairuka miaka kwa aya chache, mwingine hatoki nje ya saa moja. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu kote, ila wa Chopin unazama zaidi ndani ya mhusika. Tuendelee.

Mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi isomwe kwa kikao kimoja ili athari yake isikatike. Watu wanamnukuu kana kwamba alikuwa anatetea wavivu. Mimi naona utamu wa hadithi fupi uko hapo hapo: ukifika mwisho, mwanzo bado unaukumbuka. Sonara bado yumo kichwani. Katika riwaya ya kurasa 500 ningekuwa nimemsahau zamani, na mwandishi angelazimika kunikumbusha, na akishanikumbusha amejifichua.

Hata hivyo, kuna jambo linalonisumbua ambalo vitabu vya fasihi hulipita haraka. Je, maneno ya sonara ni dokezo kweli, au tunayafanya dokezo sisi tuliokwisha kuujua mwisho? Sina uhakika. Na Chopin anatuambia katika sentensi ya kwanza kabisa kwamba Louise ana ugonjwa wa moyo. Huwa nafundisha kwamba huo ni utangulizi wa kifundi, kila neno na kazi yake. Lakini zipo siku nikiisoma naona ni sadfa tu iliyotangulizwa mapema ili tusilalamike, na mwanafunzi akinibana hapo sina jibu la kumnyamazisha.