Hakijatambuliwa, si hakijulikani

Juzi baada ya magharibi, barazani Kibokoni, Mombasa, kijana mmoja alitusomea kutoka kwenye simu yake kwamba darubini imeona angani "miale ya ajabu isiyojulikana". Mwenzake akauliza kama kuna hatari. Hatari hakuna, hewa yetu huizuia miale hiyo isifike chini, ndiyo maana hupimwa kwa setilaiti. Kilichonikera ni lile neno.

Habari yenyewe ilihusu gama, mwanga usioonekana wenye nguvu kuliko hata eksirei. Chanzo cha gama ambacho hakijatambuliwa ni sehemu ya anga inayotoa miale hiyo, na nguvu yake imeshapimwa, ila haijathibitika inatoka kwenye kitu gani. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, imeorodhesha vyanzo zaidi ya 5,000, na zaidi ya robo yake viko hivyo.

Sasa, kujua na kutambua si ndugu wa tumbo moja. Kutokana na tambua tumepata tambulisha, kisha kitambulisho. Kijana wa Majengo anayengoja kitambulisho anajulikana mtaa mzima. Au chukua adhana ya alfajiri huku Mji wa Kale. Wajua ni adhana, wajua imetoka upande gani, lakini misikiti imesongamana na sauti inagonga kuta za vichochoro. Ni msikiti wa Mandhry au ni jirani yake? Hapo hujatambua. Kuiita sauti ya ajabu ni kumkosea muadhini.

Anga nayo imesongamana. Miale ya gama haikusanywi kwa vioo. Ndani ya Fermi hupasuka kuwa chembe mbili, na mwelekeo hukisiwa kwa kufuata nyayo za chembe hizo. Kwa chanzo hafifu, eneo la kutafuta laweza kufika theluthi ya upana wa mwezi mpevu, na humo mna nyota na galaksi tele. Miale ya eksirei hukubali kioo, mradi ikipare kwa pembe ndogo sana. Ugawe upana wa mwezi mafungu 1,800: darubini ya eksirei ya setilaiti ya Swift huonyesha mahali kwa kukosea mafungu machache tu. Na vitu vingi vinavyotoa gama hutoa eksirei pia, kama vile nyota za nutroni (mabaki yaliyoshindiliwa ya nyota kubwa zilizokufa) zinazozunguka kwa kasi, na mashimo meusi (yenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki) ya galaksi za mbali, yanayorusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu. Ndiyo maana mshukiwa wa gama hutafutwa kwa eksirei.

Habari hii ina mizizi kwetu Pwani, na watu wamesahau. Setilaiti ya kwanza ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Mwaka 1972, kutoka jukwaa hilohilo, ikaruka SAS-2, setilaiti ya kupima gama. Hiyo iliona chanzo cha gama ambacho Waitalia walikiita Geminga, jina ambalo kwa lahaja ya Milano husikika kama "hakipo". Darubini ya eksirei iitwayo Einstein ikaonyesha kitu cha kushukiwa, lakini kuwa jirani si ushahidi. Mwaka 1992 setilaiti ya ROSAT ikakuta eksirei zake zikipiga takriban mara nne kwa sekunde, na data za gama zilipochunguzwa zikaonyesha mapigo yaleyale. Ni nyota ya nutroni. Miaka 20 ilipita, na muda wote huo wanasayansi walijua fika kwamba kipo.

Basi mwanangu, nilimwambia yule kijana, "isiyojulikana" iache. Hata "kisichotambuliwa" yaonyesha kama hakitatambuliwa kamwe. Lugha yetu imekupa -ja-, itumie: hakijatambuliwa.