Kuhamahama timu si dalili ya kushindwa

Katika vijiwe vya soka vya Kirumba hapa Mwanza, imezoeleka kusemwa kwamba mchezaji anayebadili timu mara kwa mara ama ni mkorofi ama kiwango chake kimekwisha. Dhana hiyo haisimami, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali kabisa na ziwa letu.

Mike Sillinger wa Kanada alicheza mpira wa magongo wa barafuni katika NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, kuanzia 1990 hadi 2009, akavaa jezi za timu 12, ambayo ni rekodi ya ligi hiyo, na bado akafikisha mechi 1,049. Mchezaji asiyetakiwa hafiki huko. Katika NHL klabu huweza kubadilishana wachezaji pamoja na mikataba yao bila kuwaomba ridhaa, isipokuwa mkataba uwe na kipengele kinachozuia. Katika soka, mchezaji lazima akubali kwanza.

Timu zilimhitaji hasa kwa kazi moja ndogo. Mwamuzi hudondosha kisahani cha mpira mgumu kinachogombewa katika mchezo huo, chenye uzito wa gramu 170 hivi, kati ya wachezaji wawili walioinama na magongo yao, na anayewahi kukivuta nyuma huipa timu yake umiliki. Sillinger alikuwa hodari wa hilo. Fundi wa namna hiyo huwa wa kwanza kuulizwa bei (hata sokoni Kirumba ndivyo ilivyo kwa sangara mzuri), na ndiyo maana alihama.