Gitaa Moja, Nusu Bei?

Wiki iliyopita tena. Kijana kaingia studio na gitaa mgongoni, kanisalimia vizuri, na kabla hata hajakaa: "Kaka, mimi sina mambo mengi. Ni gitaa na sauti, kama wale jamaa wa folku unaowasifia kila siku. Biti hakuna. Si utanifanyia nusu bei?"

Nimeyasikia haya hapa Kigoma kwa watu wa Mwanga, kwa watu wa Ujiji, hadi kwa wanakwaya wanaoteremka kutoka Kasulu. Miaka yote hii ninayosikiliza na kuandika juu ya indi folku, hakuna imani iliyonichosha kama hii, kwamba muziki ukiwa mpole basi na kazi yake ni ndogo. Leo napitia nyimbo nilizozipenda kuliko zote, nikionyesha kazi imejificha wapi.

Sitapoteza muda kueleza indi folku ni nini. Gitaa kavu, mashairi ya mtu anayejisemea, lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kutoa muziki. Hata huo udogo wa lebo usiushike sana: Sub Pop ya Seattle, iliyotoa albamu mbili kati ya nitakazozitaja, asilimia 49 yake ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Warner mwaka 1995. Tuendelee.

Tuanze na kibanda, maana kila anayeniletea hoja ya nusu bei ana kibanda kichwani. Majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, Justin Vernon alijifungia kwenye kibanda cha uwindaji cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, akatoka na nyimbo za *For Emma, Forever Ago*, chini ya jina la Bon Iver. Alitoa nakala 500 mwenyewe mwaka 2007, na mwaka uliofuata lebo ya Jagjaguwar wakaitoa upya. Theluji, upweke, mapenzi yaliyovunjika, hadithi kila mtu anaijua. Haya, sasa vaa hedifoni usikilize "The Wolves (Act I and II)" na ujaribu kuhesabu sauti. Mimi hupotea katikati. Mtu mmoja kajiimbia juu ya sauti yake mwenyewe, tena na tena, mpaka kawa kwaya nzima, na matarumbeta ya wimbo wa "For Emma" yalipigwa na watu wengine kabisa. Maikrofoni yake, Shure SM57, ni ya kawaida sana, ile ile tunayoitega mbele ya spika ya gitaa kwenye harusi. Lakini muda alioutumia ni miezi. Studio inauza muda, mdogo wangu. Idadi ya ala ulizobeba hainihusu.

Kuna jambo najiuliza, sijalipatia jibu. Kama angezirekodi nyimbo zile kwenye ghorofa mjini, na sisi tukaambiwa hivyo, ningezipenda vile vile? Sina hakika. Nadhani hadithi ya kibanda nayo imo mle ndani, inaimba sauti ya tatu.

Sasa Elliott Smith, mwimbaji wa Marekani. "Between the Bars", kutoka *Either/Or* ya 1997, ndio wimbo ninaowapigia wabishi wote. Unasikia mtu mmoja aliyekaa karibu na sikio lako. Kumbe ni wawili, yeye na yeye. Mtindo wake ulikuwa kuimba mstari, kisha kurudi kuuimba tena juu ya ule wa kwanza, silabi kwa silabi, pumzi kwa pumzi. Magitaa nayo mara nyingi hivyo hivyo.

Hapa ndipo vijana wa kompyuta wanaponitoa jasho. "Si unakopi ile traki, unaibandika chini yake?" Traki ni ule mkondo mmoja wa sauti uliorekodiwa. Hapana! Ukiikopi traki na kuijumlisha na yenyewe umeongeza desibeli 6, basi. Ni sauti ile ile, imekuwa kubwa. Kinachotupa ule upana ni tofauti. Mara ya pili mwimbaji anachelewa kidogo mno, noti inakaa juu au chini kwa unywele, "s" inaanguka mahali pengine. Sikio linashindwa kuamua ni mmoja au wawili, na utamu uko kwenye kushindwa huko. Atatokea mjanja aseme tuisogeze ile kopi milisekunde kadhaa. Isogeze. Utapata sauti ya mtu anayeimbia ndani ya bomba, kwa sababu umbali kati ya traki mbili haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na binadamu hawezi kuimba hivyo hata akitaka. Zipo programu za kuitikisatikisa kopi kwa kubahatisha. Kwenye kiitikio chenye makelele zinasaidia, nazitumia bila aibu. Kwenye sauti ya kunong'ona, sikio linagundua. Au labda ni mimi niliyeamua kwamba linagundua. Sijawahi kujipima bila kujua ipi ni ipi, na majibu nayaogopa kidogo.

Tena kuimba mara mbili sawasawa ni kipaji cha peke yake. Wapo waimbaji wa hapa Kigoma wanaojaza ukumbi na hawakiwezi kabisa, kwa sababu kila wakirudia mstari wanaurembesha upya. Kwenye jukwaa hiyo ni sifa. Studio, ukitaka sauti mbili zikae kama moja, ni balaa la mchana kutwa, na mchana kutwa una bei yake.

Kunong'ona nako ni habari nyingine. *The Creek Drank the Cradle* ya Iron & Wine, Sub Pop, 2002: Iron ni jina la kisanii la Sam Beam, ambaye wakati huo mwalimu wa mambo ya filamu Miami, alijirekodi nyumbani kwenye mashine ya kaseti yenye traki nne, magitaa, banjo na sauti zote yeye. "Upward Over the Mountain" bado inaniweka chini kila nikiisikia. Lakini fikiria fundi anachokabiliana nacho. Mtu akinong'ona, unamsogeza karibu na maikrofoni. Akisogea, besi inavimba na kila "p" inapiga kama kofi. Halafu unapandisha geini, yaani nguvu ya maikrofoni kukuza sauti, na ukipandisha geini humpandishi yeye peke yake. Unapandisha na jokofu la jirani, bodaboda inayopanda kilima, honi ya treni stesheni, na mvua juu ya bati, ambayo huku kwetu ikianza Novemba haina haraka ya kuondoka. Biti ya bongofleva inafunika yote hayo. Gitaa kavu na kunong'ona havifuniki hata mbu. Ndiyo maana ukija na ngoma yako ya kucheza tunafanya kazi saa yoyote, na ukija na wimbo wa kunong'ona natundika magodoro, nazima feni, tunatoka jasho sote wawili.

"Si uache kelele ziwemo, kaka, ndiyo folku yenyewe." Nimeambiwa hivyo pia. Na mfano wanao: kwenye *Carrie & Lowell* ya Sufjan Stevens, 2015, wimbo wa "No Shade in the Shadow of the Cross" ulirekodiwa kwa simu, kwenye chumba cha hoteli Klamath Falls, Oregon, na kiyoyozi kinasikika. Sawa. Kiyoyozi kile kinavuma chinichini bila kupanda wala kushuka, sikio linakizoea, linakifanya kuwa chumba. Jenereta ya hapa inakohoa. Isitoshe ina noti yake, na noti hiyo haijawahi kukubaliana na gitaa la mtu yeyote. Ingawa, nikisema kweli, Stevens angekuwa mteja wangu ningemwambia arudie. Na tungeupoteza wimbo.

Kundi la Fleet Foxes nawapitia haraka, kwa kuwa "White Winter Hymnal" ya 2008 inajieleza yenyewe: sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikirudia ya mwenzake, kabla gitaa halijasema neno. Mwanakwaya yeyote wa hapa ataipenda siku hiyo hiyo. Jaribu tu kuwapanga watu wanne waikate silabi ya mwisho pamoja.

Kuna albamu moja inayonisuta, lazima niikiri. *Pink Moon* ya Mwingereza Nick Drake ilirekodiwa kwa vipindi viwili vya usiku, Oktoba 1971, London, studio ya Sound Techniques, John Wood akiwa kwenye mitambo. Gitaa, sauti, na kinanda kidogo kilichoongezwa kwenye wimbo wenye jina la albamu. Dakika 28, imekwisha. Hii kweli ni gitaa na sauti. Ila sikiliza kidole gumba chake kinavyotembea bila kumsubiri mwimbaji, na jinsi nyuzi zilivyokazwa kwa namna tofautitofauti, kiasi kwamba ukitafuta kodi zake, yaani noti zinazopigwa pamoja, kwenye gitaa la kawaida vidole havifiki. Huyu aliingia studio nyimbo zikiwa zimeshaiva mikononi. Mteja wangu wa nusu bei huja akiwa bado anatafuta ubeti wa pili. Siku ukija kama Drake, nitakutoza hizo saa mbili tatu utakazotumia na soda juu. Kwamba alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26 kunachangia kiasi gani machozi yangu, sijui, na simwamini anayedai anajua.

Na tafadhali, ile hoja kwamba huu ni "muziki wa Wazungu" nayo tuiache. Mwaka 1952, ng'ambo ya ziwa letu, kule Katanga, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, siku hizi Likasi. "Masanga" anaipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gitaa moja, na utaapa ni mawili. Mtu huyu aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport Folk Festival, jamvi kuu la folku la Wamarekani. Hayo ambayo nyuzi za besi zinayafanya chini ya melodi ndiyo hayo hayo José González, Mswidi wa wazazi wa Argentina, anayafanya kwenye "Heartbeats", wimbo wa kundi la The Knife uliokuwa wa sinthi tupu, vinanda vya umeme, hadi alipouhamishia kwenye nyuzi za nailoni. Wapiga magitaa waliovuka kutoka Kongo na kufikia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaujua mkono huo. Nenda kawaangalie vidole.

Kijana wangu nimempa kazi hiyo: "Masanga", polepole, gumba peke yake kwanza. Gumba likishakaa, aje turekodi, na aje alfajiri, kabla jua halijaanza kuyapasha mabati yakaanza kulia.